Sura ya Sita: Kioo cha Inchi Tatu

Bawaba ya upande wa kulia ilikuwa imekatika, na mwenyewe wa kwanza alikuwa ameizungushia selotepu mara tatu. Nilikiona juu ya meza ya muuza vifaa vya mtumba, Busia upande wa Kenya, katikati ya rimoti zilizopoteza televisheni zake na chaja za simu ambazo hazitengenezwi tena. Muuzaji aliapa kwamba ni kamusi ya elektroniki. Nilipokifungua nikakuta vioo viwili, kimoja juu kimoja chini, nikatambua kuwa ni Nintendo DS Lite, gemu ya mkononi iliyoingia sokoni mwaka 2006. Chaja haikuwepo, kalamu haikuwepo. Kwenye tundu la juu kulikuwa na kaseti isiyo na karatasi ya jina. Tukapatana shilingi 500 za Kenya, na nilipogeuka kuondoka nikamsikia akimcheka mteja wake.

Fundi simu wa karibu na stendi hakucheka. Aliitoa betri, akaipindua, akasoma maandishi madogo, akasema: "Hii ni volti tatu nukta saba, kama ya simu tu." Akaibana kwenye ile chaja ya kubana betri, yenye mdomo wa mamba na taa inayobadilika rangi, akaniambia nirudi baada ya chai. Niliporudi gemu ilikuwa imewaka. Hivyo ndivyo kifaa kilichobuniwa Kyoto kilivyofufuliwa mpakani, nami nikakipakia kwenye pikipiki kwenda Buhehe, barabara ya vumbi jekundu yenye mihogo iliyoanikwa kandokando.

Buhehe iko wilaya ya Busia upande wa Uganda, nchi ya Wasamia. Wasamia wenyewe wako pande zote mbili, maana mpaka uliwakuta wakiwa wamekwisha kuoana. Dada yangu ameolewa huko, na mwanawe wa pili, wa miaka 13 wakati ule, ndiye niliyemnunulia zawadi ile. Aliipokea kwa mikono miwili kama alivyofundishwa.

"Anko, hii ina mpira?"

"Haina."

"Ina magari?"

"Haina."

Akanitazama kama mtoto aliyefungua bahasha ya Krismasi akakuta soksi. "Sasa ina nini?"

Kusema kweli nami sikuwa na uhakika. Ndani ya kaseti kulikuwa na memori kadi, na ndani ya memori kadi programu moja tu iliyokubali kufunguka. Jina lake Colors!, na hiyo alama ya mshangao ni sehemu ya jina. Kioo kikawa cheupe kikabaki hivyo. Tukakiangalia. Nikachomoa kalamu ya Bic iliyokauka wino mfukoni, nikagusa kioo cha chini, na mstari mweusi ukatokea, mwembamba mwanzoni na mnene mwishoni, mahali nilipokuwa nimekaza mkono bila kujua. Mpwa wangu akaninyang'anya kalamu.

Nimeandika sura hii kwa ajili ya huo mstari uliokuwa mwembamba kisha ukanenepa.

Nintendo DS ya kwanza ilianza kuuzwa Marekani tarehe 21 Novemba 2004, na mpaka utengenezaji uliposimama zilikuwa zimeuzwa zaidi ya milioni 154 duniani. Nyingi ya hizo hazikufika kwetu. Watoto wa Afrika Mashariki wa miaka ya tisini tulikua na ile gemu ya Kichina ya kupanga vitofali, yenye betri za kalamu na sauti ya kukera. Baada yake wengi tuliruka moja kwa moja hadi kwenye simu. Kwa hiyo msomaji asione aibu kama hajawahi kuishika DS. Kioo chake cha chini, kile kinachoguswa, ni cha inchi 3 kutoka pembe hadi pembe. Kina nukta 256 kwa upana na 192 kwa urefu. Zidisha: ni nukta 49,152. Simu janja nyingi za bei ya chini zinazouzwa leo zina zaidi ya milioni moja. Kumbukumbu ya kufanyia kazi ndani ya DS ilikuwa megabaiti 4, ambazo hazitoshi picha moja ya harusi iliyopigwa kwa simu nzuri.

Mtu aliyeamua kwamba hicho kinatosha kuwa turubai alikuwa Jens Andersson, Mswidi, mbunifu wa michezo ya kompyuta. Kazi yake ya mchana ilikuwa michezo mikubwa yenye giza na bunduki. Alikuwa miongoni mwa wabunifu wa The Darkness ya kampuni ya Starbreeze, iliyotoka mwaka 2007. Mwaka huohuo, mwezi Juni, aliitoa Colors! bure. Nintendo hawakuiagiza wala kuipitisha. Ilikuwa kazi ya mtu mmoja, ya aina ambayo watu walijiandikia nyumbani na kuiingiza kwenye DS kwa kaseti za kupachika memori kadi. Kaseti hizohizo ndizo zilizotumiwa na waliotaka kucheza gemu za wizi, na Nintendo iliwapeleka wauzaji wake mahakamani katika nchi kadhaa. Kaseti yangu isiyo na jina ilitoka kwenye ukoo huo wenye sifa mbaya. Nisingependa kuutetea wizi, ila lazima niseme kwamba bila mlango ule wa nyuma programu nzuri kuliko zote za kuchora kwenye kifaa kile isingeingia ndani.

Ujanja wake ulianzia kwenye kioo chenyewe. Kioo cha DS kina ngozi mbili angavu zilizopakwa kitu kinachopitisha umeme, zimetenganishwa na mwanya mdogo sana wa hewa. Ukibonyeza, ngozi ya juu inabonyea na kuigusa ya chini, na mashine inapima umeme ili kujua zimegusana wapi. Ndiyo maana kalamu ya Bic inafanya kazi, kucha inafanya kazi, hata kijiti cha kiberiti kinafanya kazi: kioo hakijali kitu gani kinakibonyeza. Lakini ukikaza mkono, sehemu inayogusana inapanuka, na ukinzani wa umeme unapungua. Kipimo hicho kilikuwemo tangu kiwandani. Gemu nyingi hazikuwa na haja nacho, kwa kuwa gemu inataka kujua umegusa wapi tu. Andersson akakichukua akakifanya uzito wa mkono. Gusa polepole, unapata rangi nyepesi kama chai ya maziwa mengi. Kaza, unapata rangi nzito. Wachoraji wa kompyuta walikuwa wakinunua vibao vya Wacom kwa fedha nyingi ili wapate jambo hilohilo.

Simu zetu hazina jambo hilo, na watu wengi hawajui. Kioo cha simu ya kisasa hakibonyei. Kinahisi umeme wa mwili wako, kwa hiyo kinajua kidole kiko wapi bila kujua kimekaza au kimelegea. Ukitaka kuthibitisha, fungua programu yoyote ya kuchora kwenye simu ya kawaida, uchore mstari kwa hasira, kisha uchore mwingine kwa upole, kwa mwendo uleule. Itakupa mistari miwili pacha. Teknolojia ilikwenda mbele kwa mambo mengi, na kwa hili ilirudi nyuma.

Nirudi Buhehe. Siku ya pili asubuhi mpwa wangu alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jiko la nyanya yake, gemu kwenye mapaja, vioo viwili vimefunguka kama kitabu kidogo. Alikuwa anachora kuku. Kuku mwenyewe alikuwa hatua tatu mbele yake, tetea wa kienyeji mwenye madoa, akiparua ardhi. Nilitegemea aanze kama nilivyofundishwa mimi shuleni: mstari wa nje kwanza, kwa penseli, mdomo hadi mkia, kisha ujaze. Yeye alikuwa amekipaka kioo chote rangi ya ardhi na hakuwa na haraka na kuku. Kilichomsumbua ni kwamba rangi ya ardhi haikuwa ya pale.

Katika Colors! rangi huchanganywa kwenye kibao kidogo kinachotokea ukibonyeza kitufe: unachagua aina ya rangi, kisha unaisogeza kuelekea kwenye weupe, weusi au ukali wake. Mpwa wangu alisogeza, akaangalia, akasogeza. Nyekundu ya kwanza ilikuwa ya lipstiki. Ya pili ilikuwa ya tofali jipya. Akaweka gemu chini, akatoka nje, akachota udongo, akarudi nao kwenye kiganja na kukiegesha kiganja kando ya kioo, jua likipiga vyote viwili. Akachanganya tena kwa mkono wa pili. Ikawa karibu. Akamwaga tone la mate kwenye udongo, ukageuka rangi, akacheka, akachanganya tena ile ya udongo wenye unyevu.

"Hii ndio ya asubuhi," akasema. "Ya mchana ni nyeupe kidogo."

Nyanya yake alipita na ungo akasema mtoto anapangusa kioo tangu alfajiri na kioo hakitakati.

Alimaliza kuku karibu na saa sita. Sitaki kumsifu kupita kiasi. Miguu ilikuwa ya korongo na jicho lilikuwa kubwa mno. Lakini ardhi ilikuwa ardhi ya Buhehe, na yule kuku alikuwa amesimama juu yake, kivuli chake kimelala upande sahihi. Kwenye kioo cha upana wa kiganja, nukta elfu arobaini na tisa, ilitosha kabisa. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga, pale Dar es Salaam mwaka 1968, alianza na vipande vya ubao wa dari na rangi za baiskeli, vipande vyenye ukubwa ambao mtalii angeweza kuondoka navyo chini ya kwapa. Hakuna aliyemwambia ubao wake ni mdogo.

Kisha nikabonyeza mahali ambapo sikuwa nimebonyeza kabla, kioo kikawa cheupe, na kuku akaanza kujichora mwenyewe.

Nilidhani nimefuta kazi ya mtoto, na kwa sekunde chache nilijiona mjomba mbaya kuliko wote. Kumbe hapana. Colors! haikuhifadhi picha kama kamera inavyohifadhi, nukta moja moja. Ilihifadhi miguso: kalamu ilishuka wapi, ilipita wapi, ilikazwa kiasi gani, kwa rangi ipi na brashi ya unene gani, kisha ikainuka. Mguso wa kwanza, wa pili, wa mia tatu. Picha ni matokeo ya kuirudia miguso hiyo kwa mpangilio wake. Huo ni ubahili wa mtu anayeifanyia kazi mashine ndogo, maana orodha ya miguso ni nyepesi, lakini umezaa kitu ambacho karatasi haijawahi kutupa. Ukiifungua picha ya mtu unaweza kumtazama akiichora, tangu weupe wa mwanzo. Watu walitumiana picha zao pamoja na njia zake, na aliyetaka kujua shavu lile limepatikanaje hakuwa na haja ya kumwuliza mwenyewe.

Tukakaa mimi na mpwa wangu tukimtazama yeye mwenyewe wa asubuhi. Nyekundu ya lipstiki ikapita. Nyekundu ya tofali ikaifunika. Na hapo kabla ya ardhi ya tatu, kitu ambacho sikukijua kikatokea: pikipiki. Usukani, taa, kiti kirefu cha abiria, abiria mwenyewe akiwa na jogoo mkononi. Magurudumu yalichorwa, yakafutwa, yakachorwa tena, yakawa mayai, yakawa viazi. Kisha ardhi ikaja kwa miguso mipana ikaizika pikipiki yote, abiria na jogoo wake.

"Ulichora boda?"

Akaona haya. "Magurudumu yalikataa, anko."

Hata sasa pikipiki ile imo chini ya kuku. Hakuna anayeiona, lakini imo.

Nilipokuwa narudi Busia jioni ile niliwaza uhunzi. Wasamia walijulikana kwa chuma kabla reli haijafika huku. Mawe ya chuma yalichimbwa kwenye vilima vya Samia, na majembe yao yaliuzwa kwa Wajaluo na hadi Busoga. Ufundi ule ulipita kwenye ukoo, kwa kijana kuketi karibu na tanuru akivuta mivuo na kutazama. Jembe lililokwisha kupoa halimfundishi mtu uhunzi. Kijana aliangalia nyundo inapanda wapi, chuma kina rangi gani inaposhuka, na ni lini mzee anaacha kugonga. Vivyo hivyo pwani: binti anayetaka kujua kuchora hina huketi kando ya mchoraji, ajue mkono unaanzia kidoleni au kifundoni. Kuchora kwa penseli tulikofundishwa darasani kulikuwa kinyume chake. Mwalimu alibandika picha iliyokwisha, tena mara nyingi imekatwa kwenye kalenda, akasema: chora kama hii. Wengi tulishindwa tukaambiwa hatuna kipaji. Naona sasa kwamba tulinyimwa mkono. Tulipewa jembe baridi.

Hili si wazo la mjomba wa Busia peke yake. Mwaka 2008 ilitoka programu ya iPhone iitwayo Brushes, iliyoandikwa na Steve Sprang, nayo iliweza kuirudia michoro tangu mwanzo. Jorge Colombo aliitumia, kwa kidole, kuchora watu waliosimama usiku kando ya kibanda cha soseji mjini New York, na picha hiyo ikawa jalada la jarida la The New Yorker la tarehe 1 Juni 2009. David Hockney, mchoraji Mwingereza aliyekuwa amepita miaka 70, naye akaishika, akachora maua kwenye simu kila asubuhi na kuwatumia rafiki zake. Alieleza baadaye kwamba kabla ya kurudishiwa michoro yake kwenye kioo hakuwahi kujiona akichora. Miaka yote hiyo, na mkono wake mwenyewe alikuwa hajautazama.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi uko mwendo mfupi kutoka Malaba, na hauna umeme.

Kakapel ni mwamba mkubwa ulioinama kama paa katika vilima vya Chelelemuk, kaunti ya Busia, nchi ya Wateso. Uko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na ulitangazwa mnara wa kitaifa mwaka 2004. Chini ya paa hilo kuna michoro ya rangi nyekundu na nyeupe, na ukisimama mbele yake mara ya kwanza utavunjika moyo, kwa sababu utaona fujo. Duara juu ya ng'ombe, mistari juu ya duara, doa juu ya mistari. Nilienda na kijana yule miaka miwili baada ya kuku. Alisimama kimya, akainamisha kichwa upande mmoja, kisha akauliza swali ambalo mimi mtu mzima sikuwa nimeliwaza:

"Ni gani ilichorwa kwanza?"

Hilo ndilo swali la wataalamu. Njia yao ya kulijibu ni ileile aliyoitumia bila kujua: rangi iliyo juu ilikuja baadaye. Wanatenganisha angalau mitindo mitatu pale. Ya chini kabisa ni maumbo ya duara ndani ya duara, yanayohusishwa na wawindaji wa kale ambao simulizi za huku huwaita Watwa, ya ukoo mmoja na michoro mashuhuri ya Nyero, wilaya ya Kumi, Uganda. Juu yake wakaja wafugaji na ng'ombe wao wenye pembe ndefu. Mwisho ikaja mistari na maumbo yanayohusishwa na mababu wa Wateso. Mwaka 2024 waakiolojia waliochimba chini ya mwamba huo walitangaza kwamba wamekuta punje ya kunde ya miaka kama 2,300 iliyopita, miongoni mwa mabaki ya kale kabisa ya mazao ya shamba yaliyopatikana Afrika Mashariki. Watu waliokula kunde, watu waliochunga, watu waliowinda, wote walipita ukuta mmoja, na kila mmoja aliacha mkono wake juu ya mkono wa mwenzake.

Sasa hebu tuyaweke pamoja. Mwambani hakuna kitufe cha kurudisha nyuma. Lakini mpangilio umebaki, kwa kuwa aliyechora baadaye hakukwangua cha mwenzake, alipaka juu. Ukiwa na subira unaweza kuuchezesha ukuta ule kichwani kama tulivyomchezesha yule kuku: weupe wa jiwe, duara, ng'ombe, mistari. Na ya mwisho kabisa, kwa bahati mbaya, majina ya wageni wa miaka ya karibuni walioandika kwamba walifika. Hayo nayo ni tabaka. Shirika la TARA, linalohifadhi michoro ya miambani Afrika, lilisaidia kuyaondoa kadiri ilivyowezekana, na sijui kama kuna kazi ya mkono inayohitaji uangalifu zaidi ya hiyo, kuondoa jina la mtu bila kuondoa ng'ombe aliye chini yake.

Kuhusu Colors! yenyewe, yaliyobaki ni mafupi. Andersson aliifanya kuwa kazi. Mwaka 2012 Colors! 3D ikauzwa rasmi kwenye duka la mtandaoni la Nintendo 3DS, safari hii kwa baraka za kampuni, na mchoraji akapewa matabaka matano ya kuyasogeza karibu au mbali na jicho. Kisha Nintendo ikatoa Switch, Machi 2017, yenye kioo kama cha simu, kisichojua uzito wa mkono. Toleo la Switch, Colors Live, lilipotoka mwaka 2021 ilibidi lije na kalamu yake, SonarPen, inayochomekwa kwenye tundu la spika za masikioni na kupima mkazo kwa mawimbi ya sauti. Ni suluhisho la kifundi simu kabisa, na fundi wa Busia angelipenda. Tarehe 27 Machi 2023 duka la 3DS likafungwa. Aprili 2024 Nintendo ikazima huduma zake za mtandaoni za kifaa hicho.

Huku kwetu uchoraji wa kioo umehamia kwenye Tecno na Infinix. Ukipita kwenye vibanda vya kuchapa fulana, upande wowote wa mpaka, utakuta vijana wanachora kwa kidole kwenye ibisPaint, programu ya Kijapani inayoendeshwa bila malipo ukikubali matangazo, nayo pia hurekodi kazi inavyokwenda. Wana uwezo mkubwa kuliko wa DS kwa kila kipimo isipokuwa kile cha mkazo. Ninachowalaumia ni kimoja. Wakishamaliza hutoa video ya kazi yao iliyobanwa hadi sekunde 30, na muziki juu yake, uso wa mtu unaota kama uyoga baada ya mvua. Inapendeza, na mtoto anayetaka kujifunza haambulii kitu. Yale mayai yaliyotakiwa kuwa magurudumu yanapita kabla jicho halijayaona.

Mpwa wangu ana simu sasa, na anaandika mabango ya saluni kwa rangi halisi ya mafuta. Bado anaanza na ardhi. Nilimwona akipaka ukuta mzima rangi ya chini, akausubiri ukauke, ndipo akamsogelea yule mwanamke mwenye nywele za kusuka ambaye kila saluni ya huku inaye. Mwenye saluni alikuwa amenuna, anadhani amedanganywa, amelipia picha akapewa plasta.

Ile DS ilidumu miaka mitano. Kwanza selotepu ikaachia, kisha waya mwembamba unaopita ndani ya bawaba ukakatika na kioo cha juu kikafa, na mwisho kioo cha chini kikaanza kuandika chenyewe upande mmoja, mistari ambayo hakuna aliyeichora. Kabla haijazima kabisa nilitoa memori kadi nikanakili faili la kuku kwenye kompyuta ya saiba. Lilikuwa dogo kiasi kwamba mhudumu aliniuliza kama nina uhakika limenakiliwa. Ninalo hadi leo, kuku na pikipiki iliyozikwa chini yake, na sina kifaa cha kulifungua. Kama wewe msomaji una DS yoyote iliyolala kwenye droo, hata isiyo na chaja, usiitupe. Nitafute kwanza. Chaja tutabana.